Mshale wa Geji Ukicheza Unapovuta Hewa

Swali: Habari mwalimu. Nina cheti cha awali cha kupiga mbizi kwa mtungi na bado ni mgeni wa mambo haya. Juzi nilikagua vifaa vyangu vyote, geji ya presha ya mtungi ikasoma bar 200, hewa ikavutika vizuri. Nikiwa nimeshakaa ukingoni mwa boti, msaidizi mmoja akashika vali nyuma yangu, akaizungusha, akanigonga begani kwamba niko tayari. Tulipofika kama mita 18 hewa ikaanza kuwa nzito, na kila nikivuta, mshale wa geji ulianguka kisha ukarudi. Kiongozi wetu aliona, akanishika, akaifungua vali, shida ikaisha. Tulipotoka ukazuka ubishi: wengine wanasema vali hufunguliwa yote kisha hurudishwa robo mzunguko, wengine wanasema huo ni utaratibu wa zamani. Nani yuko sahihi? Na nikague vipi lisinikute tena?

Jibu: Pole kwa mshtuko, na kiongozi wenu anastahili shukrani kwa kuwa macho. Ubishi wenu niumalize kwanza. Fungua vali yote mpaka ikome yenyewe, bila kuilazimisha, uiache hapo hapo. Usirudishe robo wala nusu. Vali ya mtungi unaoingia nao majini iwe imefunguliwa yote, na ya mtungi usiotumika iwe imefungwa yote. Hali ya katikati haina kazi.

Desturi ya kurudisha robo haikuzuka bure. Watu waliogopa kwamba vali iliyoachwa imekaza mwishoni ingekwama ikiwa wazi, na wengine walipenda kishikio kibaki na ulegevu kidogo ili atakayekigusa baadaye ajue hakijakwama. Vali za skuba za leo hazina haja hiyo. Tena robo yenyewe haidhuru: vali iliyofunguliwa yote kisha ikarudishwa robo bado inapitisha hewa ya kutosha. Hatari iko kwenye mkono unaokosea upande. Mtu anaikuta vali yako iko wazi, anataka kuhakikisha. Boti inayumba, anaitazama vali kutoka juu au kutoka upande usio wake, anazungusha akidhani anafungua. Inakoma, anaridhika, kisha anarudisha robo kama alivyofundishwa. Kumbe alikuwa anafunga. Sasa umebeba mtungi uliofunguliwa robo tu, na nyote wawili mnaamini uko wazi kabisa. Kwa dalili ulizoeleza, nina hakika kubwa kwamba ndicho kilichokupata. Robo ya kurudisha peke yake isingekufikisha kwenye hewa nzito.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwa nini geji haikukuonya. Geji haiko mtungini. Mpira wake umeunganishwa na kichwa cha regulata (regulata ni kifaa kinachokuletea hewa mdomoni, na kichwa chake ndicho kinachofungwa kwenye vali), baada ya vali, kwa hiyo inasoma presha ya kijinafasi kidogo kilicho kati ya vali na regulata. Usipovuta hewa, hata tundu jembamba sana litakijaza kijinafasi hicho mpaka kilingane na mtungi, na geji itasoma bar 200 bila kusema uongo. Ukivuta, hewa inatoka hapo upesi kuliko inavyoingia, mshale unaanguka. Ukiacha kuvuta, panajaa tena, mshale unapanda. Geji inakuonyesha presha tu. Kama hewa inapita ya kutosha au haipiti, utajua kwa kuvuta huku ukiutazama mshale, na hii ndiyo tabia moja ninayotaka uijenge hata kama utasahau mengine yote.

Kwamba shida ilijitokeza mita 18 na si juu kuna sababu yake. Juu ya maji presha ni bar 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza karibu bar 1, kwa hiyo mita 18 ni kama bar 2.8 na mita 30 ni bar 4. Regulata hukupa hewa kwa presha ya mahali ulipo, maana yake pumzi ile ile ya mapafu yako inabeba hewa mara 2.8 zaidi ukiwa mita 18. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atahitaji kama lita 56 huko. Vali iliyofunguka robo inaweza kuzitoa lita 20 bila kulalamika na ikashindwa 56, hasa ukiwa unapiga miguu kwa nguvu, au ukibonyeza kitufe cha kujaza jaketi la kuelea huku unavuta, au mwenzako akichukua oktopasi yako, yaani kipande cha mdomoni cha akiba. Na kadiri mtungi unavyopungua ndivyo msukumo wa kupita kwenye tundu hilo unavyopungua, kwa hiyo hali huzidi kuwa mbaya pale pale unapokuwa na hewa kidogo. Ndiyo maana pumzi mbili za upole ukiwa juu hazithibitishi kitu.

Kuna mtego wa pili, ndugu yake huyo. Mtu anafungua vali, geji inapanda hadi 200, kisha anaifunga ili aone kama mshale utashuka, yaani anatafuta mvujo. Kipimo hicho ni kizuri na mimi nakipenda. Lakini anaitwa kusaidia kubeba kitu, anasahau kufungua, anarudi na kuvaa. Geji bado inasoma 200, kwa sababu mipira imebaki na presha. Pumzi ya kwanza inakuja vizuri, labda na ya pili, halafu hakuna. Ukifanya kipimo hicho, usiondoe mkono kwenye vali mpaka uifungue tena. Akikuita mtu, asubiri.

Sasa ukaguzi wenyewe. Anza na mtungi kabla hujaufunga chochote. Begani pamegongwa namba na tarehe. Tafuta tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa presha ya maji. Muda unaoruhusiwa hutofautiana nchi na nchi. Marekani, kwa mfano, ni kila miaka 5, na desturi huko ni kuukagua mtungi kwa ndani kila mwaka. Mtungi wa alumini wa zamani, wa kabla ya 1990, uulizie umetengenezwa kwa aloi gani, kwani aloi ya 6351 iliyotumika enzi hizo ina historia ya kupasuka shingoni na huhitaji kipimo chake maalumu. Mtungi wenye kutu ya kina, bonde lililobonyea au rangi iliyoungua kwa moto urudishe, hata kama aliyekukabidhi anakunja uso.

Na usibadilishe vali ya mtungi wewe mwenyewe. Zipo nyuzi za shingo zinazokaribiana sana, za milimita 25 na za robo tatu ya inchi, kiasi kwamba vali ya milimita 25 huweza kuingia kwenye shingo ya robo tatu ya inchi na ikaonekana imeshika, kisha ikaruka mtungi unapojazwa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo vyake.

Tazama oringi, ile pete ndogo ya mpira. Kwenye vali ya yoki, ambayo regulata huishika kwa fremu yenye skrubu, inakaa usoni mwa vali. Kwenye mfumo wa DIN, ambapo regulata huingia kwa nyuzi ndani ya vali, inakaa kwenye regulata. Isiwe na mkato, isiwe bapa, isiwe na mchanga. Beba za akiba, maana ni kitu kidogo kinachoharibu siku nzima. Kisha geuza tundu la vali lielekee pasipo na mtu, ufungue kidogo kwa sekunde moja na kufunga. Hewa hiyo inasukuma nje maji na vumbi ambavyo vingeingia kwenye regulata. Ukiona ukungu mweupe mzito ukitoka, huenda kuna maji ndani, na mtungi wa namna hiyo mimi siuvai. Nusa pia. Hewa safi haina harufu. Harufu ya mafuta au ya moshi inatosha kuukataa mtungi.

Hapa niseme jambo ambalo pua haikusaidii. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala ladha, na huingia mtungini pale mashine ya kujazia inapovuta moshi wa injini au inapounguza mafuta yake yenyewe. Viwango vya hewa ya kupumulia huiruhusu kwa kiasi kidogo mno: cha Ulaya, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni, na daraja E la Marekani sehemu 10. Presha ya kina huongeza nguvu ya sumu hiyo, na mtu anaweza kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa chini akidhani ni uchovu. Vipo vipimo vidogo vya mkononi. Kama unapiga mbizi mara kwa mara katika vituo usivyovifahamu, kinunue kabla ya kununua kamera. Kwa nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, hakuna mjadala: unapima asilimia ya oksijeni mwenyewe, kwa mkono wako, na unaandika kwenye mtungi asilimia na kina cha mwisho. Mchanganyiko wa asilimia 32 ukitumia kikomo cha bar 1.4 za oksijeni unaishia karibu mita 33. Nambari aliyoisoma mtu mwingine hailindi mapafu yako.

Fungua kifuniko cha kichwa cha regulata, kikaushe, ndipo ufunge kichwa kwenye vali. Kaza kwa vidole tu. Presha yenyewe ndiyo inayobana. Anayekaza kwa nguvu zote leo atatafuta nyundo kesho. Hakikisha mipira imekaa upande wake, kisha, vali ikiwa bado imefungwa, weka kipande cha mdomoni na ujaribu kuvuta. Usipate kitu. Pumzi ikutane na ukuta na ukuta ubaki. Kama hewa inapenya, kuna tundu mahali: kiwambo kimechanika, kijimlango cha kutolea pumzi kimekunjika au kimeshika mchanga, au mpira wa mdomoni umekatika chini ya kamba yake. Ukiruka kipimo hiki utakunywa maji badala ya kuvuta hewa. Fanya hivyo hivyo kwa oktopasi. Watu wengi husahau oktopasi, na ndiyo atakayopewa mwenzako siku ya taabu.

Sasa fungua vali, polepole. Kufungua kwa ghafla hupiga regulata kwa presha na joto, na hilo ni baya zaidi mchanganyiko ukiwa na oksijeni nyingi. Geuza geji, uso wake utazame chini au pembeni, usiwe usoni pako wala pa jirani, kwani kioo kikishindwa hakitachagua. Mshale ukishatulia ndipo ugeuze usome. Endelea kufungua mpaka mwisho. Sikiliza. Mvujo wa oringi una sauti yake ya kufoka, na dawa yake ni kufunga vali, kutoa hewa ya mipirani, kubadilisha oringi na kuanza upya. Usiikaze zaidi ukitumaini itanyamaza.

Usishangae ukikuta bar 185 kwenye mtungi ulioambiwa ni 200. Hewa hupata joto mtungi unapojazwa; mtungi uliofungwa na bar 200 ukiwa na nyuzi 50 utasoma karibu 185 ukipoa hadi nyuzi 25. Hakuna aliyekuibia. Ila panga mbizi yako kwa ulichokiona, na mwenzako ajue namba yako.

Halafu kile kipimo ambacho kingekuokoa. Shika geji mbele ya macho, weka regulata mdomoni, vuta pumzi nne au tano kubwa, za nguvu, huku unautazama mshale. Kisha vuta huku umebonyeza kitufe cha kujaza jaketi ili hewa nyingi itoke kwa pamoja. Mshale usitikisike. Hata ukicheza kidogo tu, simama hapo hapo. Rudia na oktopasi. Hewa iwe haina ladha, na isifoke yenyewe ukiitoa mdomoni.

Vilivyobaki nitavipitia kwa haraka, si kwa sababu ni vidogo bali kwa sababu vinaonekana kwa macho. Jaza jaketi la kuelea mpaka vali yake ya kupunguzia ifoke, uliache dakika chache uone kama linalegea, kisha jaribu kila njia ya kutoa hewa. Kitufe cha kujaza kisikwame. Kikikwama chini kitakurusha juu. Kunja mipira karibu na viungo vyake uone kama ina nyufa. Mpira uliovimba hauna msamaha. Mkanda wa mtungi uwe umebana kiasi kwamba ukiinua jaketi mtungi unakuja nao. Uzito uachike kwa mkono mmoja, na mwenzako ajue unaachikaje. Kamwe usiuache mtungi umesimama peke yake kwenye sakafu ya boti. Ulaze, au ufunge.

Turudi ukingoni mwa boti. Ukaguzi wako ulikuwa sahihi, lakini uliisha muda wake pale mkono wa mtu mwingine ulipogusa vali. Kanuni ninayowafundisha wanafunzi ni kwamba vali ikiguswa na yeyote, hata na mimi, ukaguzi umefutika: pumzi nne za nguvu, macho kwenye mshale, hata kama wenzako wanaelea wanakusubiri. Wasaidizi wa boti hufanya hivyo kwa nia njema, na wako waliookoa watu walioruka na vali iliyofungwa, kwa hiyo sikushauri umfokee mtu. Mwambie kabla: "Vali yangu iko wazi yote, nimeshaipima. Ukitaka kuihakiki, jaribu upande wa kufungua tu." Sentensi hiyo ina akili ndani yake. Anayejaribu upande wa kufungua hawezi kukudhuru: kama iko wazi yote haitasogea, na kama haiko wazi ataifungua.

Upande wa kufungua ni kinyume cha mwendo wa saa ukikitazama kishikio uso kwa uso, si kutoka juu. Mtungi mmoja uliovaliwa kwa kawaida, kishikio kiko kulia kwako. Sehemu yake ya juu ikielekea nyuma inafungua, ikielekea mbele inafunga. Jizoeze kukifikia ukiwa umevaa kila kitu, kwenye maji mafupi. Wengi hawafiki mpaka wasukume mtungi juu kwa mkono wa kushoto kutoka chini, na wengine hawafiki kabisa. Ni bora kulijua hilo kwenye kina cha kifua.

Ukishaingia majini, simameni kwenye mita 4 au 5. Mwenzako atazame viputo kwenye kichwa cha regulata yako, wewe uvute ukitazama mshale mara nyingine. Haichukui hata nusu dakika. Na ikitokea mshale ukacheza ukiwa chini, usiendelee kushuka na usianze kupapasa mgongoni peke yako huku pumzi inakwisha. Mpe mwenzako ishara ya shida ya hewa, chukua oktopasi yake kama pumzi inakuwa ngumu, halafu yeye, akiwa nyuma yako anakiona kishikio, afungue mpaka mwisho. Isiporekebika, pandeni juu pamoja kwa mwendo wa kawaida.

La mwisho: ipo siku utakuta vali iko wazi yote na mshale bado unacheza. Hapo mkosaji ni mwingine. Mara nyingi ni kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa kichwa cha regulata, ambacho utakiona ukiondoa kifuniko. Kikiwa kijani, maji ya chumvi yameingia na shaba imeanza kuliwa. Kikiwa na rangi ya kutu, mtungi wa chuma unaoza kwa ndani. Kikiwa cheusi, kuna unga wa mkaa uliotoka kwenye vichujio vya mashine ya kujazia. Usikioshe ukaendelea. Peleka regulata kwa fundi, na kama kuna kutu au weusi, mwenye mtungi aambiwe leo leo, kabla hajaujaza kwa ajili ya mtu mwingine.